Ng'ombe wa Miguu Mitano

Jumanne ni siku yangu ya mapumziko,
lakini nilimsukuma Bi Torode kwa kiti chake cha magurudumu
hadi Torteval, kona ya mwisho ya Guernsey,
kwa sababu alisema, "Nipeleke nikamwone ng'ombe
kabla sijafukiwa."

Handaki la Wajerumani liko nyuma ya shamba la viazi.
Ufunguo anao Bwana Brehaut.
Hutoza pauni mbili; wazee hawalipi.
Kwangu alisita, akanitazama, akasamehe.

Ndani, baridi ya nyumba isiyowahi kupikiwa uji.
Zege linatoka jasho.
Kurunzi ikatembea juu ya vitanda vya chuma, ndoano za helmeti,
ikapanda ukutani:
kanisa lenye kuba kama kitunguu,
mlima, theluji, moshi wa jiko la mtu,
na ng'ombe wa maziwa, kengele shingoni,
amesimama kwa miguu mitano.

Mchoraji alikosea.
Akaufunika mguu kwa chokaa, akachora mwingine kando yake,
akaenda zamu.
Chokaa ikabanduka polepole, miaka themanini,
na kosa likarudi kudai mahali pake.
"Walikuja wataalamu wa rangi," alisema Bwana Brehaut.
"Wakauliza, tumwache na mingapi?
Nikawaambia, atakayoweza kusimamia."

Juu ya mlango kuna herufi nyeusi, zenye miiba.
Akanisomea: *Nyamaza. Adui anasikia.*
Bi Torode akacheka mpaka akakohoa.
"Adui ndiye mimi! Nilikuwa na miaka minane,
na kitu pekee nilichokisikia ni njaa."

Kisha akanyamaza, kama alivyoagizwa.

Majira ya baridi ya mwisho, meli zao zilipokatika,
askari walichimba mizizi, wakachemsha majani ya ua wetu,
wakamla paka wa kwao, Biskuti,
ngozi yake mama aliikuta juu ya ukuta wa bustani,
imekunjwa vizuri kama leso.
"Sijui kama mlaji ndiye mchoraji," alisema.
"Lakini tazama kiwele kile.
Huyu hakuchorwa kwa brashi. Alichorwa kwa meno."

Nilitaka kumchukia kijana yule, nikashindwa;
nilitaka kumhurumia, nikashindwa pia.
Nikatazama chini.
Kwenye kizingiti, ndani ya zege,
kisigino cha mtu bila kiatu.
Kurunzi ilikuwa imekiruka.
"Wale waliomimina," alisema Bwana Brehaut. "Warusi, Wahispania,
sijui nani. Walivaa mifuko ya saruji.
Hao hawakupewa rangi."

Babu wa baba yangu, Mwaviswa, kutoka Mwatate,
walimkuta akipalilia, wakamtwika sanduku la risasi
la vita vya Waingereza na Wajerumani hawa hawa, vile vya kwanza.
Voi, Taveta, mpaka kwenye matope ya Rufiji.
Hakulala ndani ya ukuta hata usiku mmoja.
Angechora nini? Mwatate, labda, na mtama wake,
na mbuzi aliyemwacha kamba shingoni.
Hatuna hata kisigino.
Tuna neno tu, Kariakoo,
na watu wanaingia humo kununua nyanya.

Sikumwambia Bi Torode.
Nilimfunga skafu. Alinyoosha mkono,
Bwana Brehaut akasema hairuhusiwi kugusa,
kisha akageuka kutafuta swichi ambayo haipo,
akachelewa kuitafuta.
Nikausogeza mkono wake mpaka kwenye ule mguu wa ziada.
"Una unyevu," alisema. "Kama pua."

Njiani kurudi, ng'ombe wa kweli walikuwa wamejipanga kwenye lango,
wekundu kwa weupe, wanatafuna, hawana habari.
Akanisimamisha.
Akaanza kuwahesabu miguu kwa kidole,
minne, minne, minne,
kwa sauti ya mtu anayekagua deni
na kukuta limepungua.